Maisha Mafupi ya Zindani wa Mehrabad

Katika jina la ushairi, na kwa heshima ya wote waliowahi kulala njaa kwa sababu ya kina kimoja kilichogoma, yanatangazwa hapa maisha ya mshairi mkubwa Zindani wa Mehrabad, fahari ya mji wetu wa Shamsganj, ambaye ubeti wake umenukuliwa na mwenyekiti wa bodi ya shule, na kinyozi wa sokoni, na muuza vitamutamu vya jalebi wa langoni. Wanaosikiliza wakae vizuri. Wenye kofia wazinyooshe.

Zindani alizaliwa siku ya Jumanne, ukumbini, mbele ya watu wote. Wakati anazaliwa alikuwa tayari amekufa miaka mingi. Hakuwa na baba. Mama yake alikuwa Nuzhat, mwanafunzi wa kidato cha nne katika shule ya bweni ya wasichana, kitanda cha kando ya dirisha lililopasuka, yule yule aliyeadhibiwa mwaka jana kwa kumvika mbuzi miwani ya matroni na kumpanga mstarini wakati wa kuhesabiwa.

Ilikuwa siku ya mashindano ya beti, wasichana wa bweni dhidi ya wavulana wa shule ya ng'ambo ya mto. Sheria ni ile ya siku zote. Upande mmoja unatoa ubeti wa mshairi anayejulikana, na upande wa pili unajibu kwa ubeti unaoanza na sauti ile ile iliyomalizia ule wa kwanza. Hakuna kurudia uliokwisha kutolewa. Hakuna kutunga wa kwako. Na kila ubeti ukishaghaniwa, Shahidi anauliza, "Wa nani?" Unamtaja mwenyewe, na Shahidi anaushuhudia kwa kusema jambo moja la maisha ya mshairi huyo, ili ubeti usizurure mjini bila mtu wake.

Shahidi alikuwa Ustadhi Misbah, mwalimu wa fasihi, aliyekuwa akiketi kwenye kiti cha Shahidi tangu mama za wale wasichana hawajajua kusuka nywele. Macho yake hayakuona tena isipokuwa mwanga wa dirisha. Vitabu vyake alikwisha kuvigawa kwa maktaba ya shule, akisema havina kazi naye, kwa kuwa vyote vimo kichwani. Na kweli vilikuwamo. Ungemtupia mstari wowote, angeudaka kabla haujatua.

"Wa Sargashta wa Naushahpur," angesema. "Huyo aliweka blanketi rehani katikati ya baridi ili anunue wino. Akatetemeka usiku kucha, na mwandiko wa shairi lile ukatoka kama nyayo za kuku."

Au: "Wa Bi Mahjuba. Alighani nyuma ya pazia mbele ya mwana wa mfalme. Mwana wa mfalme akaomba pazia liondolewe. Bi Mahjuba akamwambia, sikio lako limeshaingia, jicho libaki nje."

Watu walikuja mashindanoni kwa ajili ya hayo kuliko kwa ajili ya watoto.

Siku hiyo wavulana walikuja na hila. Kiongozi wao, Sibtain, kijana aliyeinua kidevu kama anayesubiri kuchorwa picha, aliwapanga wenzake ili kila ubeti wao umalizike kwa "wa". Wasichana wakajibu, wavulana wakarudi na "wa" nyingine. Wakajibu tena, ikaja nyingine. Ilikuwa kama kuchota maji kisimani na mtu mwingine amekaa chini anayanywa. Mwishowe Sibtain akasimama, akarekebisha kola ya koti lake refu, akaghani taratibu:

*Tabibu amenijia, mkononi ana dawa;*
*namwambia: rudi njia, mimi na jeraha sawa.*

"Marhaba," ukumbi ukaitika. "Rudia."

Alirudia, mshenzi yule, akiwa anamtazama Nuzhat.

"Una 'wa' yoyote?" Nuzhat alimnong'oneza rafiki yake Farkhanda, aliyekuwa amekaa naye mezani.

"Sina. Wewe?"

"Ningekuwa nayo ningekuuliza?"

"Basi tumekwisha. Tabasamu tu, wazazi wanatazama."

Msimamizi akanyanyua kengele ya kumaliza muda. Mbele yao, juu ya kitambaa cha kijani, ilikuwepo tuzo, mrashi wa fedha wa kunyunyizia maji ya waridi, ambao wasichana hawakuwahi kuushinda. Nuzhat akasimama. Hakujua atasema nini mpaka alipojisikia anakisema:

*Wameshaizima taa, jina sijalimaliza;*
*ewe giza, njoo kaa, mkono kuniongoza.*

Kisha mzee mmoja wa mstari wa mbele akapiga paja, mwingine akasema "marhaba" kwa sauti ya mtu aliyechomwa na mwiba mtamu, na ukumbi mzima ukaunguruma, rudia, rudia. Nuzhat akarudia, mkono kifuani, macho darini, kama mjane wa mshairi.

"Wa nani?" akauliza Ustadhi Misbah.

"Wa Zindani wa Mehrabad, Ustadhi."

Ustadhi akageuza uso kuelekea dirishani. Midomo yake ilicheza kidogo. Watu wakasubiri blanketi, au pazia, au kifo chenye mvua. Nuzhat naye alisubiri, akidhani mzee atacheka na kumwambia aketi, na wavulana wataondoka na mrashi wao, na mchezo utakuwa umeisha vizuri.

"Simjui," akasema Ustadhi.

Hapo mwenyekiti wa bodi, Bwana Iqtidar, mwenye biashara ya manukato, ambaye harufu yake huingia chumbani kabla yake, aliinama mbele kwa huruma kubwa.

"Humjui Zindani, Ustadhi? Marehemu baba yangu alikuwa akimnukuu kila asubuhi akinyoa ndevu."

"Zindani wa Mehrabad," akasema mzee aliyepiga paja. "Yule mwenye mguu."

"Huyo huyo," akasema Bwana Iqtidar.

Shamsganj ni mji ambao mtu atakubali umwite mwizi wa kuku kuliko umwambie kuna ubeti hajausikia. Walimkumbuka Zindani mmoja baada ya mwingine, safu kwa safu, mpaka akabaki mtu mmoja tu ukumbini asiyemkumbuka. Mtu huyo alikuwa ameketi kwenye kiti cha Shahidi, vidole vyake vikipapasa mkono wa kiti kana kwamba jina limechongwa pale.

"Basi amenitoka," akasema polepole. "Kosa ni langu. Uhesabiwe."

Wavulana walitakiwa kujibu kwa "za", na kwa mshangao wakashindwa. Wasichana wakachukua mrashi. Farkhanda aliulilia kwa furaha, kisha akamgeukia Nuzhat.

"Huyo Zindani ulimtoa wapi?"

Nuzhat akamwambia. Farkhanda akaacha kulia.

Kuanzia hapo Zindani aliishi maisha mazuri kuliko washairi wengi walio hai. Kinyozi alisema babu yake ndiye aliyekuwa akimkata nywele. Muuza jalebi alisema Zindani alikula kwenye meza ile ile na kulipa kwa beti, na ndiyo maana familia yao haikutajirika.

"Mtu wako amepata mguu mbovu," Farkhanda alimletea habari bwenini.

"Upi?"

"Sokoni ni wa kushoto. Msikitini ni wa kulia."

Nuzhat alicheka mpaka akaingia chini ya kitanda. Hakuna aliyewahi kumpa mji mzima wa kuchezea. Kwa siku mbili alijiona malkia. Siku ya Alhamisi, kwenye mkusanyiko wa asubuhi, mkuu wa shule, Bi Shagufta, akapanda jukwaani na kufuta miwani yake, jambo analolifanya kabla ya misiba na karo.

"Umri una haki zake," alisema. "Ninyi wote mlishuhudia siku ya Jumanne. Bodi imeona ni vyema Ustadhi Misbah apumzike. Jumamosi tutamvika shali ukumbini, kwa heshima zote, na mwakani atatafutwa Shahidi mwingine."

Nuzhat alikuwa na kipande cha jalebi alichokificha shavuni. Kikakaa pale pale.

"Nenda kaseme kweli," Farkhanda alimwambia walipokuwa wanatoka.

"Kweli itanirudisha nyumbani mimi na sanduku langu. Nina njia nyingine. Nitamsaidia akumbuke."

"Akumbuke mtu asiyekuwepo?"

"Mji mzima umemkumbuka. Yeye ana shida gani?"

Ijumaa mchana waliomba ruhusa ya kutoka, wakapita kwenye ukungu na bakuli la halua ya karoti waliyoiomba jikoni. Ustadhi Misbah aliishi uchochoroni nyuma ya shule pamoja na dada yake, Bi Saulat, mjane mwenye ulimi mkali. Walimkuta kizingitini anamenya njegere.

"Shikamoo, Bibi. Ustadhi yupo?"

"Mwili upo," alisema Bi Saulat. "Kichwa kimekwenda kutafuta mtu. Tangu Jumanne anaita washairi mmoja mmoja kama mwalimu wa zamu anayehesabu watoto. Chakula hali, ananung'unika tu. Mimi nilidhani nimeolewa mara moja maishani, kumbe nimekuja kuishi na wanaume mia tatu, wote wafu, wote wana mikosi. Ingieni. Vueni viatu."

Ustadhi alikuwa juu ya kitanda cha kamba, amejifunika blanketi la pamba, amegeukia dirisha.

"Ni Nuzhat, Ustadhi. Na Farkhanda."

"Karibuni, wanangu. Nuzhat, ubeti ule umenisumbua. Nimewapitia wote. Sargashta yupo, mzima, na kila mstari wake. Bi Mahjuba yupo. Hata wale wadogo, walioandika ubeti mmoja wakafa kwa kipindupindu, nimegonga mlango wameitika. Ila huyu wako. Nagonga, hakuna mtu." Alivuta blanketi hadi kidevuni. "Najua maana yake. Akitoka mmoja, wengine hufuata. Baba yangu alianza hivyo hivyo. Alianza kwa kupoteza ubeti mmoja, akamaliza kwa kutuuliza mimi na Saulat sisi ni watoto wa nani."

Bi Saulat alikuwa amesimama mlangoni na sahani ya njegere. Aliacha kumenya, na hilo lilimtisha Nuzhat kuliko maneno yake yote.

"Ndiyo sababu tumekuja, Ustadhi," Nuzhat alisema haraka. "Nikikusimulia maisha yake huenda akarudi. Kesho mbele ya watu utasema umemkumbuka, na shali wataipeleka kwingine."

"Simulia."

Nuzhat akasimulia. Zindani alizaliwa maskini mjini Mehrabad. Alimpenda binti asiyeweza kumpata. Aliuza blanketi lake. Alifungwa kwa kumkejeli tajiri mmoja. Alikufa siku ya mvua, akazikwa na jirani.

"Mvua ya mwezi gani?" aliuliza Ustadhi.

"Julai."

"Jirani gani?"

"Mshonaji, Ustadhi. Alimshonea sanda bure."

"Blanketi ni la Sargashta," alisema Ustadhi, na sauti yake ilikuwa imebadilika, ilikuwa imeketi wima. "Mshonaji ni wa yule mlevi wa Kotla Mir. Mvua wamekufa nayo wengi. Mtu wako ameazima kila kitu, Nuzhat, hata kifo. Kitu kimoja tu ni chake."

"Kipi, Ustadhi?"

"Taa. Nimelala nayo kichwani siku zote hizi. Mshairi akizimiwa taa na upepo, anaulaumu upepo. Mafuta yakiisha, anaulaumu umaskini. Huyu anasema 'wameshaizima'. Wao kina nani? Saulat, ni nani anayezimiwa taa na watu wengine, saa wanayotaka wao, na hawezi kuiwasha tena?"

"Mfungwa," alisema Bi Saulat.

"Ndiyo maana aliitwa Zindani," Nuzhat alidakia. "Mtu wa gerezani."

"Au mtoto wa bweni," alisema Bi Saulat, na kuendelea kumenya.

Farkhanda akaanza kulia, ambako kwa Farkhanda ni sawa na kukiri kosa na kutia sahihi. Nuzhat alitazama vidole vya miguu yake.

Ustadhi Misbah akacheka. Alicheka kwa muda mrefu, kisha akajifunika uso kwa pindo la blanketi na mabega yakaendelea kutikisika, na Nuzhat hakuweza kujua kama bado ni kicheko.

"Kwa hiyo hakunitoka," alisema hatimaye. "Hakuwahi kuingia."

"Nisamehe, Ustadhi."

"Wote wako nyumbani, Saulat. Umesikia? Wote."

"Nimesikia. Sasa utakula?"

"Nitakula."

"Na kesho?" Nuzhat aliuliza. "Utawaambia?"

"Shahidi hushuhudia beti, mwanangu. Hashtaki watoto. Nitavaa shali yao. Iqtidar si bahili, itakuwa ya sufu nzuri. Nimepata nilichokuwa natafuta."

"Na kiti chako?" aliuliza Bi Saulat.

"Kiti ni mbao, Saulat."

Lakini aliposema hivyo, mkono wake ulipapasa hewani pembeni mwa kitanda, pale ambapo mkono wa kiti ungekuwa. Bi Saulat aliwasindikiza wasichana mpaka nje na kumkabidhi Nuzhat bakuli.

"Halua ilikuwa tamu kupita kiasi," alisema. "Ilijua imebeba nini. Wahini kengele."

Jumamosi ukumbi ulijaa. Shali ililetwa kwenye sinia, ya kahawia, yenye pindo la dhahabu. Kando yake waliuweka mrashi wa fedha, uonekane. Ustadhi Misbah aliketishwa kwenye kiti chake kwa mara ya mwisho, amevaa koti lililopigwa pasi na Bi Saulat. Bwana Iqtidar alipanda jukwaani, na harufu ya waridi ikapanda naye.

Alisema mengi. Alisema mwalimu ni taa. Alisema taa nazo huzimika, si kosa la taa. Aliahidi kwamba kuanzia mwakani mrashi utaitwa Mrashi wa Zindani, kwa kumbukumbu ya rafiki wa marehemu baba yake. Kisha akafumba macho, akanyoosha mkono kumwelekea yule mzee asiyeona, akaghani:

*Wameshaizima taa, jina sijalimaliza;*
*ewe giza, njoo kaa, mkono kuniongoza.*

"Marhaba," ukumbi ukaitika, na wengine wakafuta machozi.

Ubeti ulikuwa umeghaniwa mbele ya Shahidi. Ustadhi Misbah aliinua kichwa, na kwa mazoea ya maisha yake yote akauliza, "Wa nani?"

Kicheko kidogo kilipita kwenye safu, kicheko cha huruma, kile watu wanachomchekea mtoto aliyevaa viatu vya baba yake. "Masikini," alisema mama mmoja. "Amesahau tena." Na Ustadhi alisikia. Alikuwa haoni, si kwamba hasikii. Alirudisha kichwa chini, akaiweka mikono yake miwili mapajani.

Nuzhat akasimama.

Farkhanda hakumvuta. Alimsogezea kiti ili apite.

Aliuchukua mrashi mezani bila kuombwa, akausimamisha miguuni pa Sibtain, aliyekuja kwa ajili ya chai na keki, kisha akawageukia watu. Alikuwa amekusudia kusema maneno matatu. Lakini kinywa chake hakijui kuingia popote bila kupiga ngoma kwanza, na maneno yaliyotoka yalikuwa haya: katika jina la ushairi, na kwa heshima ya wote waliowahi kulala njaa kwa sababu ya kina kimoja kilichogoma, yanatangazwa hapa maisha ya Zindani wa Mehrabad. Akasema Zindani alizaliwa ukumbini humu siku ya Jumanne. Akasema hakuwa na mguu mbovu, wa kushoto wala wa kulia. Akasema katika ukumbi wote siku ile palikuwa na mtu mmoja tu aliyesema kweli, na ndiye wanayemvika shali kwa kosa hilo.

Kinyozi alikuwa anatazama dari. Bi Shagufta alikuwa anafuta miwani.

"Huenda," alisema Bwana Iqtidar, uso wake ukiwa na rangi ya karoti, "huenda baba yangu alimnukuu Zindani mwingine."

"Huenda," alisema Ustadhi Misbah kwa upole. "Mungu amrehemu baba yako. Nuzhat, mwanangu, umekwisha kutuhutubia vya kutosha. Fupisha. Wa nani?"

"Wangu, Ustadhi," nikasema.

Ndiyo, nikasema. Nuzhat ni mimi. Nilidhani nikijiita jina langu kama mtu wa pembeni nitafika mwisho bila aibu kunikuta njiani, nayo imenikuta hapa hapa.

"Nashuhudia," alisema Ustadhi, na akaketi wima kwenye kiti chake, na kwa sauti ile ya blanketi na pazia akaendelea: "Ubeti ni wa Nuzhat wa Shamsganj. Huyu aliwahi kushinda mrashi wa fedha, akaurudisha mwenyewe mbele ya watu, kisha akahutubia mpaka chai ikapoa."

Hakuna aliyeigusa shali. Ilibaki kwenye sinia mpaka Bi Saulat alipoikunja na kuitia kwapani, akisema baridi haijui nani amestaafu na nani hajastaafu. Kiti kilibaki cha Ustadhi na hakikuzungumziwa tena, na katika mji wetu jambo lisilozungumziwa limekwisha kuamuliwa.

Ningependa kuishia hapo. Lakini matroni wetu, Bi Durdana, anayetuzimia taa za bweni kila usiku, alikuwa amesimama nyuma kabisa karibu na mlango, funguo kiunoni, na alikuwa bado anaufikiria ubeti. Kwenye ukuta wa bweni letu, tangu Desemba, kuna maandishi ya mkaa ambayo hakuna aliyekiri kuwa ndiye aliyeyaandika, na kwa ajili yake bweni zima lilinyimwa jalebi za Alhamisi. Yanasema *BI MAKU*, na yanaishia hapo.

"Ustadhi, naomba na mimi niulize," alisema. "Hilo jina ambalo taa ilizimwa kabla halijamalizika. Lilikuwa la nani?"

Ukumbi mzima ukanigeukia. Ustadhi Misbah naye akageuza sikio, na niliona anakaza midomo asicheke.

"Lako, Bi Durdana," nikasema. "Lilikuwa limebaki *fuli*."